Foleni Isiyokuwa na Sukari

Benchi la ofisi ya kata lilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila aliyeinuka aliwayumbisha waliobaki. Bibi aliligundua hilo mapema, akajichagulia upande wa mguu mzima, akalilaza koti la mkuu wa kata mapajani kama mtoto mwenye homa. Kando yake alikaa mjukuu wake wa kike na karatasi ya kibali mkononi. Baada ya mjukuu walifuata wenzake wawili wa chuo kikuu: kijana mrefu ambaye Bibi alimbatiza Miwani, kwa sababu ya miwani, na binti aliyembatiza Redio, kwa sababu ambayo yeyote angeielewa akikaa naye kidogo.

"Kitendawili," Bibi akasema.

"Tega," Miwani akajibu bila kufikiri.

Hapo ndipo watu wanapoponzeka. Ulimi umeshazoea tangu utotoni. Ukisikia kitendawili unasema tega kabla akili haijafika. Na ukishasema tega umejifunga mwenyewe: ujibu, au utoe mji.

"Mwanangu ana jicho moja, na haoni. Lakini kila anakopita anaacha njia."

Miwani akakuna kidevu. "Taa ya pikipiki."

"Taa ya pikipiki inaona kuliko wewe."

"Basi kamera."

"Nipe mji, mume wangu, usinichoshe."

Miwani akampa mji aliozaliwa, pamoja na stendi yake ya mabasi. Bibi akaupokea kwa heshima, kisha akamwonyesha sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. Sindano ndiyo iliyomlisha. Alikuwa na cherehani dirishani, anapunguza suruali za watu, anabadilisha zipu, anarudisha vifungo vilivyokimbia matumbo. Kwa umri wake alikwisha kupewa miji mingi kuliko serikali, zikiwemo bandari mbili, na wala hakuwa na hata kibanda cha kupangisha.

Walichokifuata hapo kilikuwa kitu kidogo cha kutosha kiganjani: muhuri. Vijana hao watatu walikuwa mwaka wa mwisho, na utafiti wao ulihusu jinsi watu wa zamani walivyoandamana kudai kujichagulia viongozi. Redio alikuwa na jina refu la jambo hilo, nalo alilitaja kila alipopata nafasi. Ili wawahoji wazee wa kata hiyo, fomu yao ilihitaji muhuri wa mkuu wa kata. Bila muhuri chuo hakipokei. Wiki ikiisha hawajaipeleka, wanarudia mwaka mzima, na nyumbani kwa Bibi ada ya huo mwaka mmoja ilikuwa imeshawatoa jasho watu wote, hata cherehani.

Mlango ukafunguka. Mkuu wa kata, ambaye kila mtu alimwita Mkubwa ingawa alikuwa rika la kitindamimba wa Bibi, akatoka. Nyuma yake alikuja tarishi wa ofisi na chupa ya chai. Tarishi huyo alikuwa mtoto wa Bibi, na ndiye baba wa yule binti mwenye karatasi. Akawapita wote wawili akiwa anatazama kifuniko cha chupa.

"Shikamoo, Mama," Mkubwa akasema.

"Marahaba, baba."

"Koti limekwisha?"

"Limekwisha. Kifungo nimekirudisha, na mwenzake alikuwa anakata roho, nimemshikiza."

Mkubwa akalivaa pale pale, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayesukuma gari bovu. "Mikono mirefu."

"Ilikuwa hivyo hivyo, baba. Mimi niliitiwa kifungo."

"Basi ipunguze. Kesho wanakuja wakubwa wa wilaya. Nitapeana nao mkono wasiouona?" Akalivua, akalirusha. Mkono mmoja wa koti ukamwangukia Bibi kichwani, ukabaki hapo ukining'inia. Watu waliokuwa dirishani wakaangalia pembeni kwa adabu. Bibi akautoa taratibu, akaukunja.

Mjukuu akainuka, benchi likainama, Redio akanusurika kuanguka. "Mkubwa, na kibali chetu?"

Mkubwa akaichukua karatasi akaisoma amesimama, midomo ikicheza. Alipofika kwenye neno maandamano akasita, kama aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

"Binti, katika nchi nzima hii umekosa kitu cha kutafiti? Kuku, je?"

"Kuku?"

"Kuku wanakufa. Nani anajua kwa nini? Huo ndio utafiti. Mimi nigonge muhuri wangu chini ya maandamano, halafu simu ilie, atapokea nani? Utapokea wewe?"

"Ni mambo ya zamani, Mkubwa."

"Ya zamani ndiyo yenye mizizi. Njooni kesho."

"Jana pia ulisema kesho."

"Na sijabadilisha," Mkubwa akasema, akageuka. "Tarishi, chai hii imepoa."

Tarishi akaipokea chupa. Bibi aliitazama shingo ya mwanawe ilivyoinama kuipokea, akakumbuka kwamba alipokuwa mdogo shingo hiyo ilikuwa haikubali kuinama hata kwa kuvishwa kofia.

Jioni Tarishi alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi moja iliyotoboka kidole, akaketi bila kusalimu. Mkewe alikuwa anakoroga maharage. Vijana walikuwa wamejipanga sakafuni kuzunguka cherehani, na Bibi alikuwa anapunguza mikono ya koti.

"Badilisheni mada," Tarishi akasema.

"Baba."

"Sijamaliza. Leo ameniita ndani. Ameniambia, tarishi, nyumba yako ina watu wengi wanaopenda kuuliza. Mnajua maana yake? Mimi mpaka leo ni kibarua. Barua yangu ya kuajiriwa rasmi iko mezani pake, chini ya kikombe chake. Nimeiona kwa macho yangu. Ina duara la chai."

"Kwa hiyo kila siku unampelekea chai ya kuimwagia barua yako," mkewe akasema bila kugeuka.

"Wewe koroga maharage."

"Nayakoroga. Hata yenyewe yamekusikia."

"Kuku wana ubaya gani?" Tarishi akauliza, safari hii kwa sauti ya kuomba. "Si mnawala?"

"Hawana ubaya, Baba," binti yake akasema. "Ila hawakuwahi kudai kura."

Tarishi akacheka bila kutaka, akakasirika kwa kuwa amecheka, akaenda chumbani. Lakini hakufunga mlango, na hilo Bibi aliliona.

Redio, ambaye kunyamaza kulimuuma kama jino, akapata wazo. Muhuri ulitakiwa wakihoji watu wa kata. Bibi hakuwa mtu wa kata, Bibi alikuwa mtu wa nyumbani. Kabla hajakatazwa alikwisha kuweka simu juu ya cherehani irekodi, akajikohoza.

"Bibi, tunaomba utuambie unachojua kuhusu Foleni Kuu. Vitabu vinasema hivi. Wakati ule kukusanyika kulikatazwa, lakini kupanga foleni hakukukatazwa. Kwa hiyo Kamati ya Siri ilikaa, ikapanga watu wapange foleni mbele ya duka la ushirika lililofungwa. Wakapanga siku baada ya siku, mpaka miji mingine nayo ikapanga, mpaka wakubwa wakakubali watu wapige kura. Swali langu ni hili. Unadhani Kamati iliuchaguaje ule mlango?"

Bibi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Miwani akaitafuta sakafuni kwa kiganja, akaipata kwa goti.

"Pole, mume wangu. Ule mlango niliuchagua mimi. Kiatu changu kilikatika kamba."

"Samahani?" Redio akasema.

"Kilikatika kamba. Nikaweka kikapu chini, nikaegemea mlango wa duka nikifunge. Duka lenyewe halikuwa na kitu, panya walishahama. Nikiwa nimeinama hivi, nasikia mtu anapumua nyuma yangu. Nageuka, mwanaume, ana kikapu. Ananiuliza, wameleta sukari? Sasa mimi nikawaza: huyu ataulizaje sukari kama hajasikia neno? Nikasimama vizuri. Na yeye aliponiona nimesimama vizuri, akajua ipo."

Mkwewe aliacha kukoroga.

"Siku zile ukiona foleni unaingia kwanza, unauliza baadaye. Ukianza kuuliza nafasi imekwenda. Jua lilipofika utosini foleni ilishakata kona ya posta. Wakaja askari. Nani kiongozi wenu? Watu wote wakanyoosha vidole mbele. Na mbele ni mimi, na kiatu changu mkononi. Mnangoja nini? Nikamjibu, tunangoja pafunguliwe. Ningemjibu nini kingine?"

"Lakini hiyo ndiyo kaulimbiu," Redio akasema. "Tunangoja pafunguliwe. Waliiandika kwenye kuta. Mimi nimeiandikia sura nzima."

"Nzuri?"

"Ina tanbihi."

"Basi iache, mwanangu, usiharibu kazi yako."

Miwani alikuwa anaandika haraka. "Kwa hiyo lilikuwa kosa tu."

"Kosa safi. Sukari tupu."

Walicheka wote isipokuwa mjukuu. Yeye alikuwa amekumbatia magoti, anamtazama Bibi jinsi Bibi alivyozoea kulitazama vazi lililoletwa na mwenyewe akidai limechanika mahali pamoja tu.

"Bibi, foleni ile haikuwa ya siku moja."

"Haikuwa, mke mwenza."

"Siku ya pili ulirudi?"

Cherehani ikanyamaza. "Nilirudi."

"Ulidhani sukari ipo?"

Bibi alivuta uzi, akaukata kwa meno. Jambo hilo hakuwahi kuulizwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Miaka yote alikisimulia kisa cha kiatu kwa sababu kilichekesha, na watu wakishacheka huwa hawaulizi tena.

"Siku ya pili niliacha kikapu nyumbani," akasema.

Maharage yakachemka peke yake.

"Siku hiyo uliniacha kwa jirani," sauti ikatoka mlangoni mwa chumba. Tarishi alikuwa amesimama hapo, soksi mkononi.

"Nilikuacha."

"Uliniambia unakwenda kuleta sukari."

"Nilikudanganya, baba."

"Nililia."

"Ulilia mpaka jirani akaja kunilalamikia kule kule kwenye foleni. Akabaki."

Mkewe Tarishi akageuka ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Tarishi hakucheka. "Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka tumbo likaniuma. Ukiwa wa mbele hakuna wa kujificha nyuma yake."

Tarishi akaitazama soksi yake, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa. "Mama, kesho usije ofisini. Wakubwa wa wilaya watakuwepo. Nipe hilo koti nilipeleke mimi, na huyu binti aandike kuku. Akiniondoa kazini tutakula nini, historia?"

Bibi alikuwa amelishona koti likaisha, mikono yote miwili. Akalitundika kwenye msumari.

"Bado kidogo," akasema. "Kalale, baba."

Asubuhi koti lilibaki kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Bibi alioga, akavaa gauni lake la kutokea, akachomeka sindano kwenye ukosi, akaondoka na vijana. Njiani hakutega hata kitendawili kimoja, na mjukuu akamshika mkono.

"Bibi, si lazima. Nitarudia mwaka."

"Na baba yako atarudia nini, chai?"

Mlango wa ofisi ulikuwa bado umefungwa. Benchi lilikuwa tupu. Miwani akataka kukaa, Bibi akamshika shati.

"Benchi ni la wanaosubiri, mume wangu. Simama nyuma yangu. Na wewe, na wewe. Mmoja mmoja."

Wakasimama. Bibi akaegemea mlango, akainama kidogo, akagusa kiatu chake ambacho kilikuwa kizima kabisa. Muda si muda akafika mama mwenye mtoto mgongoni na kadi ya kliniki. Alikuwa amezoea kuona pale benchi na watu waliosinzia. Kuona mstari kukamshtua.

"Wanatoa nini leo?"

"Pakifunguliwa tutajua," Bibi akasema.

Redio akafungua kinywa, mjukuu akamkanyaga kidole. Mama akasimama nyuma ya Redio, akasimama vizuri. Akaja mwalimu aliyekuwa anatafuta barua ya uhamisho tangu darasa lake likiwa la pili na sasa lilikuwa la nne. Akaja fundi bomba. Akaja kinyozi, amekuja kuangalia tu, mkasi bado mkononi, akasema watu wengi namna hii hawawezi kusimama bure. Mzee mmoja mwenye fimbo alikiri wazi kwamba yeye hana shida yoyote na ofisi hiyo. "Lakini sitaki kupitwa," akasema, akajipanga. Foleni ikatoka uani, ikaifikia barabara, ikapinda kwa fundi wa matairi, na fundi wa matairi akaacha tairi ndani ya karai akauliza kuna nini.

Tarishi alifika na chupa ya chai. Aliifuata foleni kwa macho kutoka mwisho hadi mwanzo, na alipouona mwanzo akasimama.

"Mama."

"Naam."

"Mama, tafadhali."

"Nimesimama vibaya? Kunyoosha mstari si ndiyo kazi yako? Huyo kinyozi amejitokeza kidogo kushoto."

Tarishi akatazama kushoto, na kwa kuwa mazoea ni mazoea, akamwambia kinyozi arudi ndani kidogo. Kinyozi akarudi. Tarishi akabaki pale, chupa mkononi, bila kujua sasa yeye ni wa upande gani wa mlango.

Mkubwa akatokea na shati la mikono mifupi. Akaanza kutembea haraka, kisha polepole.

"Nini hiki? Mama, haya ni maandamano?"

"Maandamano yanatembea, baba. Sisi tumesimama."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Mkubwa akaitazama barabara. Gari la wilaya lingeingia wakati wowote. Akiita askari, ataulizwa aliwaitia nini, na itamlazimu aandike neno lile lile alilolikataa kwenye fomu, na aliandike juu ya kata yake mwenyewe.

"Na koti langu?"

"Leo sikuja kwa ajili ya koti."

"Mama, watu hawa wanangoja nini?"

Bibi alihisi tumbo lake likimuuma pale pale lilipomuuma zamani. Nyuma yake alisikia mjukuu akipumua. Mbele yake palikuwa na mlango tu, na mtu mwenye ufunguo, na kando ya mtu huyo mwanawe mwenyewe, ambaye kwa jambo lolote litakalotokea yeye ndiye atakayepigwa wa kwanza. Akaitafuta sauti yake, akaipata mahali inapokaa siku zote.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," foleni nzima ikaitikia, mpaka kwa fundi wa matairi.

Na katikati ya sauti zile, sauti moja ilitoka mbele kabisa, nzito, ya mtu aliyelelewa na bibi yake kama wengine wote. Mkubwa akajishika mdomo, lakini tega ilishatoka.

"Wewe ndiye uliye karibu, baba, basi ni chako," Bibi akasema. "Nina mume mvivu. Kutwa amelala kifudifudi. Akiamshwa anabusu mara moja, analala tena. Na bila busu lake hakuna anayeondoka."

Watu wakacheka. Mkubwa akatazama barabarani, akatazama watu. Kukataa kujibu kungemfanya aonekane mtoto. "Mlevi," akasema.

"Mlevi habusu mara moja," mama mwenye mtoto akasema. "Niulize mimi ninayejua."

"Paka."

"Paka ana kazi zake," Bibi akasema.

Mkubwa alikuwa ameanza kutokwa na jasho, na kwa siri alikuwa ameanza pia kulitaka jibu. "Tarishi. Huyu ni mama yako. Anasema nini?"

Tarishi alilijua jibu. Yeye ndiye aliyekuwa anakilowesha wino kitambaa cha huyo mume kila asubuhi.

"Mimi sikusema tega, Mkubwa."

Hilo lilikuwa jambo dogo sana, na wote waliolisikia walimgeukia kama vile kuna kitu kimevunjika mahali.

"Nimeshindwa," Mkubwa akasema haraka. "Chukua mji. Chukua wowote, chukua mji mkuu."

"Mji mkuu una wenyewe. Na miji ninayo mingi, baba, sina pa kuiweka. Wewe nipe jibu lenyewe."

"Jibu ni nini?"

"Fungua mlango utaliona. Limelala mezani kwako, karibu na kikombe."

Mkubwa akafungua mlango, na wote wa mbele wakachungulia naye. Muhuri ulikuwa pale, kifudifudi juu ya kitambaa chake cha wino. Kicheko kilianza kwa mwalimu, kikaenda nyuma kikipita mtu hadi mtu, na kila kilipofika ilibidi kisimuliwe upya. Wakati kikiwa bado hakijamfikia fundi wa matairi, gari la wilaya likaingia uani.

Akashuka mama mmoja mnene mwenye faili kwapani, akaitazama foleni iliyonyooka kama uzi. "Ndugu yangu," akasema, "kata ngapi nimepita wiki hii, wananchi wamelala kwenye mabenchi. Wewe wako wamesimama kwa nidhamu, tena wanacheka. Wote hawa unawahudumia leo?"

Mkubwa akatazama foleni. Foleni ikamtazama Mkubwa.

"Wote, mheshimiwa," akasema.

Akaingia, akaketi, akanyoosha mkono bila kuinua macho. Mjukuu akaweka karatasi. Mkubwa akaisoma tena mpaka kwenye jiwe lake, akaushika muhuri, akaupima kwa jicho, kisha akaugonga juu ya neno maandamano lenyewe, katikati, kwa nguvu zote, hata lisisomeke tena. Akapuliza wino.

"Mimi nimegonga," akasema kwa sauti ya chini. "Sikusoma."

"Asante, Mkubwa," mjukuu akasema. "Na wazee wakituambia neno hilo kwa midomo yao?"

"Midomo haina pa kugonga. Anayefuata."

Mama mwenye mtoto alikuwa ameshaingia.

Walitoka, Redio akiongea kama bomba lililozibuliwa. Alikuwa anataka kuifuta sura yake ya Kamati ya Siri, halafu hataki, halafu aiache lakini aongeze kikapu. Miwani alisema kikapu kitangulie. Mjukuu aliishika ile karatasi kwa pembe, wino usije ukachafuka, na kila baada ya hatua kadhaa aliitazama tena.

Ndani ya ofisi sauti ya Mkubwa ikasikika. "Tarishi. Chai ya wageni."

Hakuna aliyejibu. Bibi akageuka. Chupa ya chai ilikuwa juu ya benchi, upande wa mguu mzima, peke yake. Akamtafuta mwanawe mlangoni, hakumwona. Akatembea na mjukuu akiifuata foleni, akiwasalimu watu, mpaka barabarani, mpaka kwa fundi wa matairi, na kule mwisho kabisa akamkuta. Alikuwa amesimama mikono mitupu, hajui pa kuiweka, mara mfukoni, mara kiunoni.

"Baba, unaitwa," binti yake akasema.

"Nimesikia."

"Atakufukuza."

"Huenda." Alimtazama mama yake, na macho yake yalikuwa yale yale ya mtoto aliyeachwa kwa jirani. "Ile barua yangu. Nataka nimwombe mwenyewe, na mimi nikiwa mtu wa kwenye foleni. Nikiwa na chupa mkononi hanioni."

Bibi alitaka kumwambia mengi, lakini aliona kifungo cha shati la mwanawe kimening'inia kwa uzi mmoja. Akachomoa sindano ukosini, akakishona pale pale barabarani, akaukata uzi kwa meno karibu na kifua chake. Mwendesha baiskeli mmoja alikuwa amesimama kando, mguu mmoja chini, anawatazama.

"Tumbo linaniuma, Mama," Tarishi akanong'ona.

"Najua," Bibi akasema, akampangusa bega. "Simama vizuri tu, baba. Wewe simama vizuri, na wa nyuma yako atajua ipo."

Tarishi akanyoosha shingo. Mwendesha baiskeli akashuka, akaiegemeza baiskeli kwenye matairi, akasimama nyuma yake.